Siku Elfu Moja, Shilingi Elfu Moja

Maneno ya muuguzi mstaafu mbele ya madiwani wa halmashauri moja ya Nyanda za Juu Kusini, katika semina ya kupitia rasimu ya bajeti.

Kamwene!

Hapana, hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Kamwene!

Haya, sasa tumeamkiana. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, Mheshimiwa Mbunge ambaye nimeambiwa atatukimbia saa tano, Mkurugenzi, wakuu wa idara, na ninyi watendaji wa kata mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini. Nilipoanza kazi mwaka 1984, dada mkubwa wa wodi aliniambia kwamba mtoto anayelia juu ya mzani habembelezwi kwa hotuba. Unampima haraka, unamrudisha kwa mama yake. Nitajaribu.

Nimekuja na huu ubao. Wengine mliponiona nashuka nao kwenye bajaji mlidhani nimeleta meza ya kuuzia mboga. Ni ubao wa kupimia urefu wa mtoto. Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hasimamishwi, analazwa. Mtu mmoja anamshika kichwa kwa viganja viwili, kiguse huku juu, macho yatazame dari. Mwingine anamnyoosha magoti kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anasogeza hiki kibao cha chini mpaka kiguse nyayo. Mtoto anapiga kelele kama anachinjwa. Katika kelele hizo una sekunde tano za kusoma namba.

Wiki mbili zilizopita nilialikwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha hapa kwetu, siku ya SALIKI, yaani Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Akalazwa binti wa miezi 23. Mashavu yamejaa, anacheka na kila mtu, mguuni ana kiatu kimoja. Mkanda wa kupimia mkono ulisoma kijani, tukafurahi. Ubao ukasoma sentimita 78. Binti wa umri huo, popote duniani, kwa wastani ana sentimita 85 na nusu, na mpaka wa chini kabisa wa kutotia wasiwasi ni 79 na kidogo. Huyu alikuwa ameshaushuka. Mama yake akaniambia, "Kwetu wote wafupi, mama." Na kweli, watoto waliokuwa wamekaa kwenye lile benchi walikuwa wanalingana naye. Hapo ndipo udumavu unapojificha. Mwenye kwashakoo anaonekana, amevimba, nywele zimebadilika, kila mtu anashtuka. Mtoto aliyedumaa anaonekana mzima kabisa, kwa sababu unamlinganisha na jirani yake ambaye naye amedumaa.

Sasa niwape namba, kisha tuachane nazo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Katika kipindi hicho hicho, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 mpaka 43 kwa kila vizazi hai 1,000, na hilo ni jambo kubwa, wanaolibeza hawajawahi kufunga mtoto kitambaa usiku wa manane. Lakini tazameni kwetu. Njombe 50 kati ya 100. Rukwa 50. Iringa, ambayo mwaka 2015/16 ilikuwa na 42, imepanda mpaka 57. Hii ndiyo mikoa inayojaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Makambako na kwingineko. Tunailisha nchi, na nusu ya watoto wetu hawafiki kwenye mstari.

Kila mgeni akisikia hivyo anatafuta mchawi. Wengi humpata haraka: ulanzi, ile pombe ya mianzi. Akina mama wa Nyanda za Juu wanakunywa ulanzi, wanawanywesha watoto, basi, mjadala umefungwa, twendeni tukale. Sikatai kwamba ulanzi upo. Nimeshanyang'anya kikombe mkononi mwa mtoto wa miaka mitatu. Lakini mimi nimekaa na akina mama hawa miaka thelathini na zaidi, na nawaambieni, ukiondoa ulanzi wote msituni kesho asubuhi, yule binti bado atasoma 78.

Nilimuuliza mama yake anampa nini. Mnajua alichofanya? Alinikariria makundi yote ya vyakula. Nafaka, mizizi na ndizi za kupika, kunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, mafuta. Kwa mpangilio, kuliko mimi niliyeyafundisha. Halafu akasema, "Hayo nimeanza kuyasikia nina mimba ya kwanza, mama. Wewe niambie niyapike saa ngapi."

Sikuwa na jibu. Nikamwomba anipitishe kwenye siku yake. Saa kumi na moja alfajiri anawasha moto, anakoroga uji, anaumimina kwenye chupa ya chai. Saa kumi na mbili yuko njiani kwenda kwenye kibarua, palizi ya viazi. Mtoto anabaki na dada yake anayesoma darasa la pili zamu ya mchana, na dada akienda shule, mtoto anahamia kwa bibi ambaye macho hayamsaidii. Mama anarudi saa tisa. Kuna maji, kuna kuni, kuna nguo. Chakula cha pili cha mtoto ni cha usiku, anapopewa ugali wa wakubwa huku anasinzia.

Nikaomba kuiona hiyo chupa ya chai. Uji uliobaki ulikuwa mwepesi kama maji ya mchele. Nikaanza, kwa mazoea ya kazi, kumwambia uji wa mtoto uwe mzito, usimwagike kijikoni. Akanitazama kama unavyomtazama mtu wa mjini. Uji mzito hautoki kwenye mdomo wa chupa, na mtoto wa darasa la pili hawezi kumlisha mwenzake kwa kijiko kwa nusu saa. Anamimina kikombeni, mwenzake anakunywa, wanakwenda kucheza. Ule wepesi wa uji haukutokana na ujinga. Mama alikuwa amepiga hesabu yake, na ndani ya saa alizonazo hesabu ilikuwa sahihi.

Waheshimiwa, hilo ndilo neno langu la leo, mengine yote nitayazungushia hapo. Serikali yetu ina sera nyingi nzuri za mtoto, na karibu zote zinadhani mama ana muda. Zinamwambia afike kliniki, anyonyeshe, apike mara tano, achemshe maji, amchangamshe mtoto kwa michezo. Hazisemi nani atashika jembe wakati huo.

Na sisi watu wa huku hatuna kisingizio cha kutolijua hili, kwa sababu dunia ilijifunza kwetu. Vijana hamjui, ngoja niwasimulie. Nilipoajiriwa nilikuta mpango wa lishe wa Iringa umeanza tu, uliosimamiwa na serikali pamoja na WHO na UNICEF kwa fedha za Serikali ya Italia. Wakati huo Njombe ilikuwa ndani ya Iringa, mkoa wenyewe umezaliwa 2012. Vijiji 168 vilianza. Kila robo mwaka mtoto anapimwa uzito hadharani kijijini, na matokeo hayapelekwi wilayani kwanza, yanakaa mezani kwa serikali ya kijiji. Mwenyekiti anaulizwa na wananchi: kwa nini watoto wa kitongoji hiki wamepungua? Kulikuwa na vituo vya kulishia watoto, wazee na akina mama wakipokezana kupika wakati wenzao wako shambani. Na kulikuwa na kimea.

Kimea mnakijua, nyie mnakijua kwenye pombe. Unalowesha mtama au ulezi, unaufunika uchipue, unaanika, unasaga. Ukichukua uji mzito, ule unaosimamisha mwiko, ukatia kijiko kimoja cha unga wa kimea, baada ya dakika chache unalegea wenyewe, unanyweka, na nguvu yake ni ile ile ya uji mzito. Uji huo ungetoka kwenye mdomo wa chupa ya yule mama. Nilimweleza. Alisema bibi yake alikuwa akifanya hivyo.

Utapiamlo mkali ulishuka katika vile vijiji. Na ule mchoro ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990, unaofundishwa mpaka leo kwenye vyuo vya lishe duniani, unaosema lishe ya mtoto inasimama juu ya chakula, afya na malezi, mizizi yake iko kwenye vumbi la vijiji hivi. Neno la tatu, malezi, ndilo tulilolichangia sisi. Maana yake hasa ni saa za mtu mzima anazompa mtoto. Kisha fedha za mradi ziliisha, mzani ukabaki ukining'inia kwenye mti, na sisi tukarudi kwenye semina za makundi ya vyakula.

Sasa nije kwenye fedha, maana nyuso za Idara ya Mipango zimeanza kuniambia nifike huko.

Kuna elfu moja mbili katika maisha ya mtoto wa Tanzania. Ya kwanza ni siku 1,000, tangu mimba inapotungwa mpaka anapotimiza miaka miwili. Urefu unaopotea ndani ya siku hizo haurudi kirahisi, na ubongo unaojengwa ndani ya siku hizo ndio atakaokwenda nao darasani. Elfu moja ya pili ni shilingi. Kwa mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa walianza kuusaini Desemba 2017, mbele ya Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, na ukasainiwa upya mwaka 2022 akiwa Rais, kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kila mwaka.

Shilingi elfu moja kwa mwaka. Gawanyeni kwa siku 365, mtapata shilingi mbili na senti zake. Kwa bei za dukani kwangu ni mayai mawili, la tatu ukimbembeleza muuzaji. Sisemi hivyo kuidharau, msije mkanipigia makofi mkadhani nimesema ifutwe. Halmashauri yenye watoto 20,000 inapata milioni 20, na kwa milioni 20 zilizotumika kwa akili mtu anaweza kufanya jambo. Ninachouliza ni milioni hizo zinatoka lini, na zikitoka zinakwenda wapi.

Niwasimulie halmashauri moja niliyowahi kufanya kazi, nisiyoitaja. Mwaka mzima wa fedha tuliandika dokezo. Julai, hakuna. Oktoba, mapato hayajakaa vizuri. Januari, subirini ushuru wa mazao. Fedha ziliingia wiki ya tatu ya Juni, na mwaka wa fedha, kama mjuavyo kuliko mimi, unafungwa tarehe 30. Siku tisa. Huwezi kuanzisha kituo cha kulishia watoto kwa siku tisa. Kwa siku tisa unaweza kufanya semina. Tukafanya semina. Tulikaa ukumbini, tukapewa chai na sambusa, tukajadili watoto, posho ikatoka, sahihi zikawekwa. Na mimi nilikuwemo, nilikula sambusa mbili.

Kichekesho kilikuja baadaye. Mnaijua kadi alama ya lishe, ile inayopimia halmashauri kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Na mnaujua mkanda tunaomfunga mtoto mkononi: kijani, njano, nyekundu. Rangi zile zile. Kipengele cha matumizi ya fedha kilipokuja kujazwa, halmashauri yetu ilisoma kijani, kwa sababu fedha zote zilikuwa zimetumika. Siku hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nimetoka kufunga mkanda kwenye mkono wa mtoto uliosoma nyekundu, chini ya sentimita 11 na nusu. Nilikaa na karatasi mbili mezani, moja ya halmashauri na moja ya mtoto, nikajiuliza ni nani kati yao aliyekuwa anadanganya.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni la tarehe. Elfu moja hii itolewe robo ya kwanza, Julai mpaka Septemba, wakati mahindi yameshavunwa, ushuru unapita getini na akaunti ina kitu. Msinitajie mapato yanayochelewa, maana mapato ya ndani ya halmashauri hii ni viazi, mbao, chai na parachichi, na yule mama anayepalilia viazi ndiye aliyeyatengeneza. Kila gunia linalolipiwa ushuru kwenye geti lenu limepita mikononi mwake. Tena mnajua kinachotenganisha fedha hii na ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ile imeandikwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, mkaguzi akija anaulizia. Hii ya mtoto imekaa kwenye mkataba na maelekezo. Baraza lina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mmetunga ya mbuzi wanaozurura sokoni, na mbuzi wametulia kweli. Tungeni na ya hii.

Ombi la pili ni mahali pa kuitumia. Msinunulie vipeperushi. Akina mama wameshakariri. Itumieni kununulia muda wa mama ule msimu unaombana, Novemba mpaka Machi, kupanda na palizi. Kituo cha kulelea watoto mchana katika kila kijiji, hata kama ni chumba cha ofisi ya kijiji au kivuli cha kanisa, akina mama wawili wanalipwa posho ya siku, sufuria, mikeka, maji ya kunawa, choo cha watoto. Wazazi walete unga, maharage, karanga, kila kaya kadiri yake, na kijiji kiwe na kimea chake. Hiki si kitu kigeni kwenye sera. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inavitambua vituo vya jamii. Karatasi ipo tayari, sufuria ndiyo hakuna.

Mtaniuliza, na wa chini ya mwaka mmoja, anayenyonya? Hapo namgeukia Mheshimiwa Mbunge kabla hajaondoka.

Serikali inamwambia mama amnyonyeshe mtoto maziwa yake tu miezi sita, hata maji asimpe. Mimi nimelisema hilo mpaka sauti imekauka. Serikali hiyo hiyo, kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua mapacha. Siku 84 ni wiki 12. Wizara moja imehesabu miezi sita, nyingine imehesabu chini ya mitatu, na mtoto yuko katikati anasubiri wapatane. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 unataka angalau wiki 14, nao pia haufiki kwenye miezi yetu sita. Baba ana siku tatu. Kule Kenya baba ana wiki mbili, na sheria yao ya afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Sisi sheria inatoa saa mbili za kunyonyesha kwa siku, jambo jema, ila haisemi mtoto atakuwa wapi saa hizo zikifika. Nimemwona mfanyakazi akikamua maziwa chooni na kuyamwaga, kwa sababu nyumbani ni mabasi mawili.

Nakiri tumesogea. Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemfikiria mama aliyejifungua njiti, ambaye zamani likizo yake ilikuwa inaishia wodini. Lililofanywa kwa mama wa njiti lionyeshe njia kwa waliobaki. Na tukumbuke kwamba tunazungumzia mwenye mkataba wa ajira. Mama lishe, kibarua wa viazi, mchuuzi wa stendi, hao hata siku moja hawana. Ndio wengi wa wanaokuja kwenye ubao wangu.

Naona kuna mheshimiwa anaandika kikaratasi kwa jirani yake. Nadhani kimeandikwa: kwa nini serikali ibebe kila kitu, wazazi wana kazi gani? Swali halali, na nina jibu la chumvi.

Nilipokuwa mtoto, huku milimani, mwanamke mwenye rovu, ule uvimbe mkubwa, shingoni lilikuwa jambo la kawaida. Tulidhani shingo ya mtu mzima ndivyo ilivyo. Udongo wetu hauna madini joto ya kutosha, mvua imeyasomba, na hakuna mama, hata awe na bidii gani, angeweza kuyalima. Tuligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Kisha katikati ya miaka ya 1990 serikali ikaamuru chumvi ya kula itiwe madini joto kabla ya kuuzwa. Basi. Hakuna aliyekwenda nyumba kwa nyumba kumfundisha mtu kuchagua chumvi. Nendeni leo sokoni mnitafutie binti wa miaka ishirini mwenye rovu. Wajukuu zangu neno lenyewe hawalijui.

Sasa kuna jambo la aina hiyo hiyo linatusubiri, na ni zito zaidi. Mtoto akiwa tumboni, mfereji wa ubongo na uti wa mgongo unafunga ndani ya siku 28 za mwanzo. Usipofunga, anazaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa kinafuata. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kwa basi mpaka Dar es Salaam, mtoto wa siku sita, kidonda mgongoni tumekifunika kwa chachi iliyoloweshwa maji ya chumvi, na kila basi likisimama nabadilisha. Abiria wakahama viti. Mama yule alikuwa ananiuliza njia nzima amekosea nini. Alihudhuria kliniki. Alimeza FEFO zote, vile vidonge vya madini chuma na foliki. Lakini alianza kuzimeza wiki ya kumi na tatu, kama wengi, na mgongo wa mtoto ulikuwa na zaidi ya mwezi mmoja tangu muda wake wa kufunga upite. Siku 28 za kwanza kati ya zile 1,000, mama hajui kama ana mimba. Hakuna elimu itakayomfikia humo. Foliki lazima iwe imeshakaa kwenye damu yake kabla, na njia ya kuiweka ni chakula anachokula kila siku.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2011 kanuni zinataka unga wa ngano, unga wa mahindi wa viwandani na mafuta ya kula viongezwe virutubishi. Kwa hiyo mwenye kununua mkate na unga wa mfuko wenye nembo amelindwa kidogo. Huku kwetu mahindi tunayakoboa kwenye mashine ya mtaa, kiini na pumba vinakwenda kwa nguruwe, unga mweupe unakwenda kwa mtoto. Nguruwe wetu wana afya nzuri sana. Wasagishaji wadogo hamuwezi kuwalazimisha wote kesho, hilo naelewa, mtu amekuja na debe lake na anataka unga wake. Lakini wanaosaga na kuuza kwenye mifuko mnawapa leseni ninyi. Vifaa vya kuchanganyia virutubishi kwa mashine ndogo vipo nchini. Wekeni sharti kwenye leseni, wapeni muda, wasamehe ushuru wa mwaka mmoja yule anayefunga kifaa. Na unga unaopikiwa wanafunzi uwe dona, yaani usiokobolewa, au uwe umeongezwa virutubishi. Hapo halmashauri haimwombi mtu, inaagiza.

Nikigusa shule nitakosa muda, niseme moja tu. Elimu bila malipo tangu 2016 haikubeba chakula, chakula kimebaki mchango wa mzazi. Sina ugomvi na mchango. Nina ugomvi na mtoto kusimama ukutani bila bakuli wakati wenzake wanakula, eti kwao hawajaleta debe. Anayedaiwa ni mtu mzima. Mtoto apewe, mzazi akutane na mtendaji wa kijiji. Watendaji naona mnacheka, jiandaeni.

Dakika zangu zimeisha, Mwenyekiti ameshatazama saa mara mbili. Kitabu cha bajeti kiko mbele yenu na kasma ya lishe imo. Mtakapofika hapo mchana, msiulize tu kiasi gani kimetengwa, mwambieni Mkurugenzi aandike na mwezi.

Ubao huu nauacha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mimi kupanda nao kwenye bajaji tena siwezi. Kesho ni SALIKI kwenye kata ya jirani hapa, kilometa nne. Nahitaji watu wawili wa kushika watoto, mmoja kichwani na mmoja magotini, na nimeambiwa diwani wa kata hiyo ana mikono mizito, kwa hiyo atasoma namba. Tunaanza saa moja kamili asubuhi. Mkija saa tatu hamtamkuta mtu, watakuwa wameshakwenda kwenye palizi.